Birika Lisijazwe

Mtu akinikuta nachota maji ataniona nikifika karibu na ukingo wa ndoo naacha. Si uchoyo, ni mazoea. Ujana wangu wote niliishi jirani na mtunza birika la msikiti, ua wa makuti tu ukitutenga, na ukelele wake umenikaa masikioni: "Acheni shibiri, jamaani! Acheni shibiri!" Aliupiga asubuhi, akaupiga adhuhuri, akaupiga magharibi. Siku moja nilimwuliza kama hachoki. Akanijibu kuwa amechoka zamani, ila hajatokea wa kumpokea.

Birika lenyewe lilikuwa la mawe na chokaa, ng'ambo ya ua huo, nje ya msikiti wa kijiji chetu huku upande wa Wingwi, na ndani yake waliishi samaki. Hawakuwekwa kwa pambo. Maji ya kutawadhia hukaa, na maji yakikaa mbu hutaga. Wazee waliotangulia walitwaa visamaki vya maji baridi kutoka bonde la mpunga wakavitia mle, vikawa vinakula viluwiluwi na utelezi wa ukutani, na mwenye kutawadha akapata maji yasiyonuka. Tabu ya samaki wale ilikuwa moja, nayo ni kuruka.

Na waliowarusha tulikuwa sisi wenyewe. Kwetu kujaza birika la msikiti ni thawabu. Mtoto akipona homa, mama yake alikuwa na nadhiri ya ndoo za kujaza. Mtu akifiwa, alijaza kwa ajili ya maiti wake. Kijana aliyetaka kuoa alihakikisha anajaza pale ambapo baba wa msichana atamwona. Na hakuna aliyekuja kujaza nusu. Maji yalipomwagika ukingoni ndipo roho ya mjazaji ilipotulia, akaona sadaka yake imepokelewa. Basi samaki akishtuka akaruka, hapakuwa na ukuta wa kumzuia. Aliangukia sakafuni, na jua likipanda kidogo alikuwa ameshakauka.

Ndiyo sababu ya ile shibiri. Alitaka maji yakomee shibiri moja chini ya ukingo. Jambo dogo hilo, lakini halikumwingia mtu kichwani, na mtunza birika akapata sifa ya mtu anayewazuilia wenzake pepo.

"Ami, waninyima thawabu," niliwahi kumsikia mwanamume mmoja akimlalamikia, ndoo begani.

"Thawabu iko kwenye kuteka. Ushateka. Mwaga kwenye mpopoo, Mola yuaona."

Mpopoo huo ulikuwa upande wangu wa ua, mizizi yake ikinywa nadhiri za kijiji kizima, na popoo zake zilikuwa nono kuliko za shamba lolote. Nikimpelekea alizipokea kwa uso wa mtu anayedhulumiwa, akazitafuna na tambuu yake mpaka jioni. Hakuwahi kusema asante. Alisema tu, "Weka hapo."

Alikuwa mrefu, amekonda, kanzu yake imefungwa kiunoni muda wote kwa sababu muda wote alikuwa na kitu cha kufanya majini. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Kwa watu alikuwa mkali. Ukitawadha kwa pupa ukaibamiza kata ya kuchotea juu ya maji, alikushika mkono papo hapo, hata uwe nani, akakuonyesha namna ya kuizamisha ubavu polepole ili samaki wasishtuke. Alimfanyia hivyo imamu. Alimfanyia mgeni mmoja wa kiserikali aliyekuja na kaptula na soksi ndefu, akaomba tu maji ya kunawa uso. Yule bwana alidhani anafundishwa jambo la dini, akazamisha kata kwa adabu kubwa.

Lakini mkono huohuo ungeuona ukiwapa samaki punje za wali. Aliwaita. Sitasema aliwaitaje, maana aliona haya tukimsikia, na alikuwa akijifanya anakohoa.

Watu walimcheka kwa jambo jingine. Mtu aliyeweza kuinama siku nzima akihuzunikia kisamaki cha urefu wa kidole, ukimletea changu wa kukaanga alimmaliza mpaka kichwa, akanyonya mifupa. Mke alikuwa hana, alifiwa kabla sijaolewa mtaa ule, kwa hiyo sahani yangu ilivuka ua mara kwa mara. Nilimtania.

"Ami, huwaonei huruma hawa?"

"Hao wa bahari," alisema huku anatafuta miba kwa ulimi. "Hao wana wenyewe."

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa fundi asiyekosea. Alikosea sana, na makosa yake yalikuwa ya hadharani. Kwanza alifuma kifuniko cha makuti akalifunika birika lote. Maji yakakaa gizani, yakaanza kunuka, na kila kifuniko kilipoinuliwa ghafla samaki waliruka kuliko mwanzo. Akakitupa. Kisha akatandaza kipande cha jarife kuukuu, wavu wa wavuvi, juu ya maji. Samaki wakanasa kwa mashavu, kata zikanasa, na alfajiri moja kidole cha imamu nacho kikanasa, akasali rakaa zake amevimba kwa hasira. Mtunza birika aliliondoa jarife mwenyewe, na kwa siku kadhaa hakumpigia mtu kelele.

Lililofaa lilikuwa yungiyungi. Alikwenda bondeni akarudi na mashina yake kwenye debe, akayapanda ndani ya vyungu vilivyovunjika, akayazamisha. Majani yalipotanda juu, samaki walikaa chini ya kivuli chake na kuruka kukapungua. Alifurahi kwa namna yake, yaani alikaa kitako. Furaha hiyo haikudumu. Ikazuka hoja kwamba maji yenye majani huenda yakabadilika rangi na ladha, na yakibadilika udhu wa watu utakuwaje? Shehe aliulizwa akasema hapana neno. Waliouliza hawakupenda jibu, wakayang'oa. Nilimwona akiokota majani yale moja moja akayapanga kando ya ukuta, akayatazama yakinyauka. Nilimhurumia siku ile, na pia nilichoshwa naye. Nikasema moyoni, kwani lazima?

Sikujua bado kwamba ilikuwa lazima.

Ikaingia siasa. Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, na walioikuta hawahitaji kuelezwa. Kwa wasioikuta nitasema kwa ufupi, kwa sababu nimechoka kuisema. Palikuwa na chama hiki na chama kile. Sivitaji, maana wengine waliokuwamo wangali hai na mimi sina nguvu za ugomvi. Watu walisusiana. Mtu wa chama hiki hakununua chumvi duka la mtu wa chama kile. Harusi zilikosa waalikwa. Wako walioachwa na waume zao kwa ajili ya kura. Palikufa mzee mmoja, mtu aliyewafundisha kusoma watoto wa pande zote mbili, na jeneza lake lilibebwa na wanawe tu na wakwe zao, wengine wamekaa barazani wanatazama njia.

Kwangu mimi siasa ilikuwa na sura mbili ninazozijua. Mume wangu alikuwa chama hiki, kaka yangu chama kile. Zamani walikula sinia moja. Sasa kaka akipiga hodi, mume wangu alitoka kwa mlango wa uani. Nilipika nikiwa katikati yao, nikalala nikiwa katikati yao, na hakuna hata mmoja aliyenishukuru.

Pahala pamoja tu pakabaki. Msikiti ulikuwa mmoja na birika moja. Mume wangu na kaka yangu walikuwa hawaamkiani njiani, lakini pale birikani mmoja akimaliza alimwachia mwenziwe kata. Hawakutazamana. Kata ilipita tu, kutoka mkono hadi mkono.

Mtunza birika aliliona hilo kabla yetu sote. Aliniambia kwa juu ya ua, siku niliyomwuliza kwa nini anajitesa na vidudu vile.

"Mwanangu, dukani hawaendeani. Mazikoni hawaendeani. Hapa bado wapokezana kata. Samaki wakifa, maji yatanuka, na maji yakinuka watapata sababu. Mie sitaki waipate sababu."

Basi nikaelewa kwamba yule mtu hakuwa akichunga samaki. Na nikaelewa pia kuwa kazi hiyo ilikuwa kubwa kumshinda.

Kwa sababu siasa ilileta mashindano ya kujaza. Ijumaa watu wa chama hiki walikuja na ndoo zao wakajaza mpaka likamwagika, ili ionekane wao ndio wenye dini. Waliporudi makwao, wa chama kile wakaja na ndoo zao, wakamwaga juu ya birika lililokwisha kujaa. Sakafu ilikuwa tope. Mzee wa watu akikimbia huku na huku, "Acheni shibiri," na sasa hata shibiri yenyewe ikawa siasa. Akimkataza huyu, huyu alisema ametumwa na wale. Samaki waliruka wakafa, na kila aliyekutwa amekufa alikuwa kesi: nani katia dawa majini?

Akaanza kuwaficha. Kabla ya adhana ya alfajiri, kabla mtu hajaamka, nilikuwa nikisikia kandambili zake upande wa pili wa ua. Aliwaokota waliokufa, akapenya mwanya wa ua, akawafukia chini ya mpopoo wangu. Kisha alishuka bondeni na debe akarudi na wengine wazima, wa ukubwa uleule, akawatia birikani. Kijiji kikaamka kikakuta samaki wanaogelea, kikakosa la kusema. Aliifanya kazi hiyo muda mrefu sana. Alikuwa mtu mzima, magoti yanamwuma, na bonde la mpunga alfajiri lina baridi na ruba. Mchana nilimwona akisinzia amekaa, mdomo wazi, halafu akigutuka kwa mlio wa ndoo.

Wazee wa pande mbili walikutana kutafuta suluhu, na suluhu waliyokuja nayo ni ya watu wa kwetu tu, sidhani kama pengine pangefikiriwa. Walikata shauri kujenga kiukuta katikati ya birika. Nusu hii ya chama hiki, nusu ile ya chama kile. Kila upande ujaze kwake na utawadhe kwake, msikiti uendelee kuwa mmoja.

Mtunza birika aliwaomba kitu kimoja.

"Basi acheni tundu chini. Maji yapitane."

"Yakipitana, ami, tumegawa nini?" akajibiwa, na kwa kweli hapo alishindwa.

Kiukuta kikajengwa. Samaki waliokuwa wakienea birika zima wakabanwa nusu kwa nusu, na anayebanwa huruka. Waliruka juu ya kiukuta, upande huu kwenda upande ule. Hapo kijiji kikapata mchezo. Watu walikaa baada ya sala wakitazama, na samaki akivuka walishangilia: "Huyo! Kajiunga!" Upande ukiona umepungukiwa, ulisema wenzao wamewavuta samaki kwa uchawi. Mume wangu alirudi nyumbani anacheka, ananihadithia nani kavuka leo. Nilicheka naye, sitakataa. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na kicheko miaka ile kilikuwa adimu. Ng'ambo ya ua hakuna aliyecheka.

Alfajiri moja mume wangu aliwahi kuamka, akamkuta. Debe mkononi, samaki hai ndani yake, na kwenye kiganja kingine samaki aliyekufa. Mimi nilikuwa jikoni nikasikia yote.

"Ami, unafanya nini?"

"Nabadilisha. Huyu kafa, namtia mwengine."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya nani tena? Yangu mie."

Ilikuwa kweli tupu, na kwa ajili hiyo haikuaminika. Kabla jua halijapanda, watu wa chama hiki walikuwa na yakini kwamba mtunza birika ametumwa na chama kile kuwaongezea samaki. Kufika adhuhuri kaka yangu naye alikuja kunieleza, jasho likimtoka, kuwa mzee wetu amenunuliwa na hawa wa mume wangu awaue samaki wa chama kile. Niliwaambia wote wawili niliyoyasikia kwa masikio yangu kwa muda wote ule. Mume wangu alisema mimi nina huruma nyingi. Kaka alisema mimi ni mke wa mtu.

Sababu ikawa imepatikana. Watu wa chama kile walijenga msikiti wao wa udongo kule juu, mwisho wa kijiji, wakachimba kisima chao. Watu wa chama hiki walibaki na msikiti wa zamani, lakini birika wakalikimbia, wakasema limeshaingia mikono ya maadui. Wakajenga jipya upande wa mlango wa mbele, dogo, la saruji, halina samaki. Likaanza kunuka kabla ya mwezi kwisha. Mtunza birika hakuitwa kulitunza wala kule kwingine hakuitwa. Alisali nyumbani kwake. Binti yake aliyeolewa kisiwani Makoongwe alimtumia salamu aende akakae naye, akasema atakwenda kesho, na kesho hiyo haikufika.

Mara ya mwisho niliyokaa naye ilikuwa kiangazi, alasiri, wanaume wako mashambani. Kikohozi chake kilikuwa kimebadilika, nikakisikia kutoka upande wa birika la zamani. Nikapita mwanya wa ua na uji wangu. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe la kuoshea miguu, kanzu yake haikufungwa kiunoni.

"Nashikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Njoo utazame."

Nikachungulia. Hapana aliyekuwa akijaza tena, ila yeye mwenyewe, kwa kindoo kidogo, pale alipoweza. Maji yalikuwa yameshuka mbali chini ya ukingo, hata kile kiukuta kilisimama kikavu zaidi ya nusu. Samaki wachache waliobaki walikuwa wametulia kabisa kila upande.

"Hawaruki," akasema.

"Si ndiyo uliyoyataka, ami?"

"Ndiyo n'loyataka." Akapokea uji, akauweka chini bila kuunywa. Kisha akasema, "Mie nikifa nitaoshwa na nani?"

Nilimwambia aache maneno hayo.

"Nakuuliza. Wa juu watasema mie ntu wa hawa. Hawa watasema mie ntu wa juu. Yule mwalimu alikuwa na wana wakambeba. Mie nina mwana mmoja, mwanamke, na yuko ng'ambo ya maji."

Nilihisi uchovu wa miaka yote ile umenikalia kifuani, wake na wangu.

"Mumeo atakuja?" akaniuliza.

"Atakuja, ami."

"Na kakako?"

"Kaka naye atakuja."

"Siku moja? Jeneza moja?"

"Jeneza moja. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Watakubeba mpaka kaburini, na watakuombea pamoja."

Nilisema kwa nguvu kama ninavyowaambia wanangu wasiogope radi. Yeye akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikaishia kwenye kikohozi, nikamshika bega mpaka kikapita.

"Mumeo n'shamwuliza juzi," akasema alipopata pumzi. "Kasema akija kakako, yeye haji. Nikajikokota kwa kakako. Naye kasema vivyo hivyo."

Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa, ami, kama wayajua, waniulizia nini?"

"Nilitaka kumsikia ntu akisema watakuja," akasema. "Hebu sema tena."

Nikasema tena.